Mwaka Tuliosema Gari Limeharibika

Tulipotoka makaburini kumzika Mama Wambui, nilipewa sahani mbili za chakula kabla sijapewa mahali pa kukaa. Ya kwanza ilikuwa pilau na nyama, ya pili mukimo na chapati mbili zilizokunjwa, na juu ya hayo msichana mmoja wa kanisa akanisukumia mkononi soda ya machungwa iliyokwisha kufunguliwa. Nikamwambia naomba maji. Akaniangalia kana kwamba nimemwomba chang'aa. "Maji tutakuletea ukishakula, mathe," akasema, akaenda zake. Nyuma yangu wanawake wawili wa rika langu walikuwa wakimlilia marehemu huku wakitafuna. "Huyu mama alikuwa na mwili wake," alisema mmoja. "Ukimwona tu unajua hii boma watu wanakula." Mwenzake akapangusa mdomo, akasema ni Mungu peke yake anayejua kwa nini amemchukua. Nilitaka kugeuka niwaambie kwamba hata mimi najua, daktari alijua, na marehemu mwenyewe alijua kabla yetu sote. Lakini matangani mtu hafungui mdomo kusema la maana, anaufungua kula. Nikanyamaza na hasira zangu na sahani zangu mbili, nikatazama langoni, na kiti cha marehemu kilikuwa palepale.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimepanga chumba cha mabati katika ploti yake hapahapa Kawangware 46, na cherehani yangu ilikaa barazani, karibu kabisa na lango, kwa hiyo niliona kila kilichoingia na kila kilichotoka. Mama Wambui wakati huo hakuwa mzee. Wambui, kifungua mimba wake, alikuwa bado shule ya msingi. Lakini mama alikuwa amekwisha kuzoea kukaa langoni kuanzia chai ya asubuhi mpaka jua likizama, kwa sababu mwenye ploti asipokaa langoni wapangaji hupanda mtu kichwani. Hivyo ndivyo watu walivyosema, na yeye aliamini. Akitaka maji aliita, "Wambui!" Akitaka leso aliita, "Wambui!" Siku za shule aliita mpangaji yeyote aliyekuwa karibu, na mara nyingi huyo alikuwa mimi. Jumapili mumewe alimpeleka kanisani kwa pikapu, na kanisa lenyewe lilikuwa karibu kiasi kwamba kwaya ikifanya mazoezi niliweza kushona kwa kufuata ngoma yao.

Sasa, mtu asidhani Mama Wambui alikuwa mlafi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi watu wanapozungumza juu ya wanene, kana kwamba mtu huamka asubuhi akaamua kula dunia nzima. Mama Wambui alilishwa na ploti. Karibu kila mpangaji alikuwa akiuza kitu cha kuliwa. Mama Kevo alikaanga mandazi, jirani yake alichemsha mayai na kuyatembeza na kachumbari, mwingine alikaanga samaki, na kwenye chumba cha pembeni kulikuwa na ndugu wawili wa kutoka Vihiga waliopika chapati tangu alfajiri. Na hakuna aliyepita langoni na beseni lake bila kumwonjesha mwenye ploti. Kupita mbele yake bila kufunua kulikuwa kiburi. Na yeye kukataa kungekuwa kiburi kikubwa zaidi, maana angekuwa amesema chakula chako ni kichafu, na wewe ungeenda kulieneza neno hilo mpaka mtaa wa Congo. Basi alikula. Alikula andazi la Mama Kevo, akala yai, akala kipande cha samaki, akateremsha na chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na chakula cha mchana kikija kutoka jikoni kwake mwenyewe alikula hicho pia, asije akaonekana amemdharau aliyekipika. Kila mtu alimpa kidogo tu. Ukiwauliza leo watakuambia hivyo, "Mimi nilimpa kidogo tu."

Mimi niliyajua haya kwa njia ya nguo. Alikuwa na sare ya akina mama wa kanisa, gauni la buluu lenye kola nyeupe, na kila baada ya muda mfupi aliniletea nilifumue pembeni nilipanue. Nilipanua mpaka siku moja nikageuza gauni nikakuta hakuna kilichobaki, mshono umefika ukingoni mwa kitambaa. Nikamwambia, "Mama, hapa hakuna kitu tena." Nilidhani atacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Badala yake akasogeza kigoda, akakaa karibu na cherehani, akasema polepole ili Mama Kevo asisikie, "Nanjala, nilienda kliniki. Sukari iko juu. Daktari ameniambia nipunguze chai, nipunguze mafuta, nipunguze mkate, halafu nitembee kila siku." Akaushika ukingo wa gauni. "Ati nitembee. Nitembee nikienda wapi?"

Lilikuwa swali la kweli. Kawangware nzima hakukuwa na mtu aliyetembea kwa ajili ya kutembea. Watu walitembea kwenda kazi za mjengo, walitembea kwenda kufua nguo za watu Lavington, walitembea kwa sababu hawakuwa na nauli. Kutembea kulikuwa ushahidi kwamba umekosa. Mke wa mwenye ploti, mwenye pikapu nyeupe uani, aonekane barabarani kwa miguu, bila mzigo, bila msiba, bila pa kwenda? Wangesema amerukwa na akili. Lakini Mama Wambui aliogopa kitu kingine kuliko maneno ya watu. Mama yake mzazi alikufa kwa sukari. Walianza kumkata vidole, wakapanda mpaka goti. "Mimi nilimwosha ule mguu," aliniambia. "Sitaki Wambui aoshe wangu." Akaanza kulia pale barazani, huku kaniegemea begani, na nikahisi jinsi alivyokuwa mzito na jinsi alivyokuwa mwoga.

Kila asubuhi nilikuwa nikipeleka petikoti na sare nilizoshona kwa dada yangu Rael, aliyekuwa na kibanda cha nguo mbele ya chumba chake Kambi Muru, Kibera. Nilienda kwa miguu, na kwangu hilo halikuwa jambo la kusimulia mtu. Mama Wambui akapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa zuri kwa sababu lilikuwa la kwetu kabisa. "Nitakusindikiza," akasema. Mgeni husindikizwa, hata mpangaji akisindikizwa hakuna anayeshangaa. Siku ya kwanza alinisindikiza mpaka kwa muuza makaa, akashika ukuta, akahema. Baada ya siku kadhaa akafika Naivasha Road. Kisha akafika Ngong Road, na mvua za Aprili zilipokuwa zinakaribia tukaingia naye Kibera, yeye jasho tele usoni na mimi kifurushi kichwani. Rael alimkaribisha kitandani kwa sababu kiti hakikuwepo, akampa ugali kipande na mrenda, na maji ya kunywa. Mama Wambui akala akamaliza, akauliza, "Ni hii tu?" Rael, ambaye hakuwahi kujua kupamba neno, akamjibu, "Ni hii tu. Na nyinyi matajiri mko na mambo. Mimi natembea nikiomba Mungu gari, wewe uko na gari na unatembea." Mama Wambui akacheka mpaka pazia lililogawa chumba likatikisika. Sijui kama nimewahi kumwona amefurahi kuliko siku ile.

Tatizo lilikuwa njia. Kila kona kulikuwa na mtu aliyemjua, na kila aliyemjua aliuliza jambo moja: "Mama Wambui, gari imeharibika?" Si kwa ubaya. Walimwonea huruma. Mara ya kwanza aliona haya kusema habari za daktari, akajibu, "Eeh, imeharibika." Na ukishasema uongo wa namna hiyo Kawangware, huna budi kuutunza kama ng'ombe. Gari likaendelea kuharibika wiki baada ya wiki. Muuza makaa akasema ni injini. Mwenye bucha akasema yeye alisikia ni gia boksi. Siku moja niko cherehanini nikaona fundi mmoja wa magari anaingia langoni na jeki begani na sanduku la spana mkononi, na uani Baba Wambui alikuwa anapangusa kioo cha pikapu yake, injini inanguruma vizuri kabisa. Fundi akasimama. "Baba Wambui, nilisikia gari ilikufa. Nikangoja uniite, nikaona kimya, nikajua labda unaona haya." Baba Wambui akamuuliza ni nani alimwambia hivyo. "Ni watu wote," akasema fundi. "Si mama anatembea mpaka Kibera?"

Kuta za mabati hazina siri. Jioni ile, nikiwa nasonga ugali wangu, nilisikia yote. "Unataka watu waseme nimefilisika?" aliuliza Baba Wambui. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa siku ile ningempiga mwiko. Mama Wambui akasema, "Daktari ndiye amesema." Naye akajibu, "Daktari akuje akae hapa 46 asikie vile watu wanaongea." Kisha sauti ya mama, ndogo lakini imara: "Kesho naenda." Na kesho yake alienda. Akamwambia muuza makaa gari limetengenezwa, na kwamba anatembea tu. Muuza makaa akamtazama akienda mpaka akapotea kwenye kona.

Miezi ile ilikuwa mizuri. Alijifunza kusema "nimeshiba" huku akitabasamu, jambo gumu kuliko kupanda mlima. Aliinama mwenyewe kufunga viatu. Goti lililokuwa likimsumbua likanyamaza, na kliniki wakamwambia aendelee hivyohivyo. Aliniletea lile gauni la buluu nilipunguze, na nilipolipunguza nilikuwa naimba. Akalivaa palepale barazani, akazunguka, kola ikakaa sawa, na Wambui aliyekuwa ametoka shule akapiga makofi. Nilidhani tumeshinda. Nilikuwa kijana, sikujua bado watu walivyo.

Maana miaka ile kukonda kulikuwa na tafsiri moja tu. Hakuna aliyeitaja kwa jina. Walisema "ile kitu," au walikunja mdomo na kuangalia pembeni. Kwanza Mama Kevo akaanza kumchagulia Mama Wambui kikombe cha peke yake. Kisha wapangaji wakaanza kuulizana, karibu kabisa na cherehani yangu kana kwamba fundi hana masikio, kama ploti itauzwa. Wengine walihesabu nani atamfuata nani, na Baba Wambui akienda kilabuni wenzake wakawa wanamsogezea glasi kwa mbali. Nilijaribu kueleza. Niliwaambia ni miguu yake, anatembea, amepunguza chai. Mama Kevo akaniangalia kwa huruma: "Wewe Nanjala, wacha kufunika. Tajiri anatembeaje na ako na gari? Anaenda kutafuta dawa Kibera, sisi hatujui?" Nikaacha. Utamwelezaje mtu ambaye ameona kila kitu kwa macho yake na kukielewa kinyume?

Jumamosi moja mchana akina mama wa kanisa wakaja, wamevaa sare, wakiongozwa na mwenyekiti wao. Mgonjwa haendewi mikono mitupu, kwa hiyo walikuja na kreti ya soda, mikate, siagi, keki, na kuku mzima wa kukaanga ndani ya hotipoti. Mama Wambui alikuwa uani anaanika nguo. "Tumesikia umelala," mwenyekiti akamwambia. "Nimelala na mnaniona nimesimama?" Mwenyekiti akawageukia wenzake akatikisa kichwa. "Anajikaza. Ndio inakuwanga hivyo mwanzo." Wakaingia sebuleni, wakaniita nisaidie kugawa vikombe, wakaimba, wakamwekea mikono kichwani wakamwombea afya, yeye aliyekuwa na afya kuliko wakati wowote niliomjua. Baba Wambui alisimama mlangoni, kofia mkononi, hajui atazame wapi. Nilikuwa na hamu ya kumwaga kreti nzima mtaroni.

Ndipo Wambui akaingia kutoka nje analia kwa kwikwi. Wenzake walikuwa wamemwambia aanze kujizoeza kupika, kwa sababu mama yake hatafika Krismasi. Alimkumbatia mama yake kiunoni, pale ambapo kiuno kilikuwa kimeanza kuonekana, akasema, "Mum, usikufe." Mama Wambui akatuangalia sote mmoja mmoja, na macho yake yakanifikia mimi mwisho. Akakaa chini, akavuta hotipoti. "Wambui, niangalie," akasema. "Mgonjwa anakula hivi?" Akala paja la kuku, akala la pili, akapaka siagi mkate vipande kwa vipande, akanywa soda mpaka chini na kufungua nyingine. Wale wanawake wakapiga vigelegele. Wambui akapangusa machozi, akacheka, akaegemea bega la mama yake na kupewa kipande cha keki. Mwenyekiti akasema Bwana asifiwe. Mimi nilienda kusimama uani kati ya nguo mbichi, nikalia kwa hasira.

"Nitaanza tena wakishanyamaza," aliniambia Jumatatu yake, nilipomngojea langoni na kifurushi changu. Hawakunyamaza. Ilibidi anenepe kwanza ndipo wanyamaze, na alipokwisha kunenepa goti likarudi kuuma, na kutembea kukawa kazi nyingine tena. Baba Wambui, kwa furaha yake, alimtengenezea kiti kwa seremala, kipana, cha mikono, chenye mto, akakiweka langoni. Mabeseni yakaanza kufunuliwa tena. Kabla ya mwaka kuisha nilihamia Kibera kwa Rael, na kazi yangu ya mwisho Kawangware ilikuwa lile gauni. Nililitia vipande pembeni vya buluu nyingine, maana ile yake ilikuwa haipatikani tena sokoni.

Sasa wananiambia mambo yamebadilika. Yamebadilikaje? Ile kitu ina dawa na watu wanaishi nayo na kuzeeka, hilo nashukuru. Lakini nikikaa kibandani kwangu naona vijana wa Kambi Muru wanapanda boda kwenda mahali ambapo ningewatupia jiwe likawafikia. Naona watoto wanatoka shule moja kwa moja kwenye chipsi na smokie, wakirudi nyumbani wanakaa na simu mpaka shingo ipinde. Wajukuu wangu mwenyewe nikiwaambia tutembee wananiuliza, "Kwani hakuna nauli?" Na Mama Wambui, mguu wake wa kushoto ulipokatwa, nilienda kumwona hospitali, na chini ya kitanda chake kulikuwa duka: juisi za boksi, biskuti, mikate, soda. Kwa mgonjwa wa sukari! Watu wazima, wamesoma, wamemletea mgonjwa wa sukari soda kwa sababu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Nilikuwa nimembebea maboga ya kuchemsha. Akala, akanishika mkono, akasema, "Nanjala, ni hii tu?" Tukacheka, kisha hatukucheka. Aliyekuwa anamwosha wakati ule alikuwa Wambui.

Basi siku ya maziko nilirudisha sahani zangu jikoni karibu kama zilivyokuja, nikaenda langoni kuaga. Wambui alikuwa amekaa kwenye kiti. Ana miaka arobaini sasa, ana mwili wa mama yake na pumzi ya mama yake, na mapajani alikuwa na sahani ambayo kila aliyepita aliiongezea kitu, kwa sababu mfiwa lazima ale. "Auntie, ngoja nikuitie boda," akasema. Nikamwambia nitaenda kwa miguu. "Mpaka Kibera? Na hiyo miaka yako?" Nikamwambia hata mama yake alikuwa akienda. Akanitazama kama mtu anayetazama mzee aliyechanganyikiwa. "Mum? Mum hakuwahi kutembea mahali." Nikamwambia, mwaka ule. Ule mwaka yeye, Wambui, alioingia sebuleni akilia. Akaniuliza, "Ule mwaka alikuwa mgonjwa?"

"Hakuwa mgonjwa," nikasema. Sauti yangu ilipanda, na watu waligeuka, na sikujali. "Ndio mwaka pekee niliomjua akiwa mzima."

Wambui aliweka sahani chini, kando ya kiti. Nilidhani atalia, nikaanza kutafuta neno la kumpoza, lakini alikuwa anavua viatu vya visigino. Akamwomba mtoto mmoja malapa, akavaa, akashika mikono ya kiti, akajisukuma mara mbili ndipo akasimama. "Nakusindikiza," akasema. Mgeni husindikizwa mpaka langoni. Tulipita lango. Pale palipokuwa kwa muuza makaa siku hizi kuna kibanda cha simu, na tulipofika hapo alikuwa amekwisha kuhema, mkono ukutani, jasho likimtoka chini ya kilemba cheusi. Kijana wa kibanda akatoa kichwa dirishani, akamwona, akashtuka kwa huruma.

"Wambui! Kwani gari imeharibika?"

Nilimtazama. Alipumua, akapumua tena, akaondoa mkono ukutani.

"Gari iko sawa," akasema. "Ni mum amekufa, ndio natembea."

Kisha akanishika mkono, tukaendelea kuelekea Naivasha Road.